Tathmini ya kazi: Jiandae kwa daftari na kwa afya

IFIKAPO Mei na Juni, na tena mwaka unapokaribia kwisha, kuna aina moja ya wagonjwa ambao huongezeka katika chumba changu cha matibabu. Mmoja hulalamika kwamba moyo humdunda usiku wa manane. Mwingine tumbo humsokota kila asubuhi kabla ya kupanda matatu. Wa tatu hana maneno mengi. Anataka tu vidonge vya usingizi. Ukiwadadisi kidogo utagundua kwamba wote wana miadi ya namna moja: kuketi mbele ya mkubwa wao wa kazi ili kazi waliyoifanya mwaka mzima ipimwe na kupewa alama.

Majira hayo yana sababu. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30, na kampuni nyingi za watu binafsi hufunga hesabu zao Desemba. Watumishi wa umma hujaza fomu za tathmini, na walimu nao walianzishiwa utaratibu wao na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) mwaka 2016. Alama hizo si mchezo. Aghalabu ndizo zinazoamua nani atapata nyongeza ya mshahara, nani atapandishwa cheo, kandarasi ya nani itaongezwa muda na nani atapigwa kalamu.

Mgonjwa mmoja, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake mradi nisimtaje, alikuwa karani wa hesabu wa umri wa miaka 46. Alikuja na ombi moja tu: apewe kitu cha kumtuliza, kwani baada ya siku tisa angeketi na meneja wake. Mwaka uliotangulia alama zake zilikuwa zimeshuka. Mkubwa wake aliandika kwenye fomu kwamba hana bidii, hukosea tarakimu na huonekana nje ya ofisi mara kwa mara. Sasa alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba zikishuka tena, kandarasi yake haitaongezwa.

Nilimwuliza huko nje ya ofisi alikuwa akienda wapi. Alicheka kwa haya, akasema ni msalani. Na usiku? Aliamka mara nne au tano kukojoa. Je, kiu? Alinionyesha chupa kubwa ya maji aliyoibeba kila mahali. Na macho? Alisema tarakimu zilimchezacheza ifikapo mchana. Tulipompima damu papo hapo, sukari ilikuwa 19, ilhali kwa mtu mwenye dalili kama hizo, kipimo cha 11.1 au zaidi saa yoyote ya siku hutosha kumwambia daktari kwamba ni ugonjwa wa kisukari.

Mtu huyu alikuwa ameitwa mvivu kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuliamini neno hilo.

Nitarudi kwake baadaye. Kwanza ningependa msomaji afahamu kwamba tathmini haishindwi siku ya kuketi mbele ya mkubwa. Hushindwa, au hufaulu, katika miezi iliyotangulia, na afya ina sehemu kubwa katika jambo hilo.

Mwili hufanya nini?

Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili wa mnyama hujiweka tayari kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, pumzi huwa fupi, mdomo hukauka na viganja hutoa jasho. Tumbo nalo huvurugika, na ndiyo maana baadhi ya watu huharisha kabla ya mtihani au usaili.

Mwili wa mwanadamu hautofautishi sana kati ya simba na meneja. Kwa hivyo ukitetemeka mlangoni, usidhani ni ishara kwamba hufai kazi. Isitoshe, wasiwasi kidogo una faida. Watafiti Yerkes na Dodson walionyesha tangu 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo wa kadiri huboresha utendaji, ilhali ukizidi, hasa katika jambo gumu, utendaji huporomoka. Lengo letu basi si kuua wasiwasi wote kwa vidonge. Ni kuuzuia usifurike.

Huenda ni maradhi, si uvivu

Iwapo kazi yako imedorora na hujui sababu, mwone daktari angalau miezi miwili kabla ya tathmini. Haya ndiyo mambo ambayo mimi huyatafuta kwanza:

Kisukari. Dalili zake ni kama zile za karani wetu: kiu, kukojoa sana, uchovu, kupungua uzani na macho kufifia.

Upungufu wa damu. Huwapata sana wanawake ambao hedhi yao ni nzito. Mtu huchoka kwa kupanda ngazi tu, kichwa humwuma na mawazo hayatulii. Kipimo chake ni rahisi.

Tezi ya thairodi iliyo shingoni. Ikizembea, mtu huwa mzito, husahau, hunenepa na kuhisi baridi wakati wenzake wanavua makoti. Ikizidisha kazi, hutetemeka, hukonda na kukosa usingizi.

Macho na masikio. Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu huanza kupata taabu kusoma maandishi madogo ya karibu. Wengi hukataa miwani kwa kuogopa kuitwa wazee, kisha wakalaumiwa kwa makosa ya barua na hesabu. Naye asiyesikia vyema mkutanoni hudhaniwa kuwa hajali.

Kukoroma. Mtu anayekoroma kwa nguvu, na ambaye mwenzake wa chumbani husikia pumzi zake zikikatika na kurudi kwa mshtuko, huenda asipate usingizi wa kweli hata akilala saa nane. Mchana husinzia mezani.

Dawa na pombe. Baadhi ya vidonge vya mafua na mzio huleta usingizi na kupunguza umakini. Chupa tatu za bia kila jioni nazo hufanya vivyo hivyo, ingawa mnywaji hakubali.

Ugonjwa wa mfadhaiko. Huu si huzuni ya siku mbili. Ni pale ambapo kwa wiki mbili au zaidi mtu hukosa furaha katika mambo aliyoyapenda, usingizi na hamu ya chakula hubadilika, hujiona hana maana na hushindwa kukaza fikira. Una tiba.

Aidha kuna kuchakazwa na kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi, wala si ugonjwa wenyewe. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuibeza kazi yako, na kuhisi kwamba hufanyi chochote cha maana. Kwa kuwa chanzo ni mkazo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, vitamini pekee hazitakusaidia. Ni lazima kazi yenyewe izungumzwe, na tathmini ni mahali pazuri pa kuizungumza.

Mali bila daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali. Mkubwa wako ni binadamu, na kumbukumbu ya binadamu hushika zaidi mambo ya majuzi. Kosa ulilofanya wiki iliyopita litamjia upesi kuliko jema ulilofanya miezi tisa nyuma. Hafanyi hivyo kwa chuki. Ndivyo akili ilivyo.

Nunua daftari la bei nafuu. Kila Ijumaa kabla ya kuondoka, andika mistari mitatu: nilichokamilisha, kwa kiasi gani, na kilichonizuia. Mtunza stoo aandike kwamba alihesabu bidhaa zote kwa siku mbili badala ya nne. Muuguzi aandike kwamba alifundisha wanagenzi watatu kufunga dripu. Mwalimu aandike ni wanafunzi wangapi waliokuwa hawawezi kusoma aya na sasa wanaweza. Tarakimu husema zaidi kuliko kujisifu.

Andika pia vizuizi: mashine iliyokufa, mwenzako aliyehamishwa bila mwingine kuletwa, siku ulizokuwa mgonjwa. Tathmini ikikaribia, soma daftari zima, kisha uyafupishe hayo katika ukurasa mmoja ukilinganisha na malengo mliyokubaliana mwanzoni mwa mwaka. Kama hamkuwahi kukubaliana malengo yoyote, mwombe mkubwa wako mapema akueleze atakupima kwa vigezo gani. Ni afadhali kuuliza Januari kuliko kushangaa Desemba.

Daftari lina faida nyingine ya kiafya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi ulioonyesha kwamba watu walioandika kwa dakika tano mambo ya kufanya siku zijazo kabla ya kulala walipata usingizi haraka kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Kwa hivyo andika uliyoyakamilisha ukiwa ofisini, na ya kesho uyaandike kando ya kitanda.

Juma la mwisho

Usingizi ndio dawa kuu juma hili. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Usijaribu kufidia yote usiku mmoja wa mwisho.

Kahawa na chai kali zina kafeini, na kwa watu wengi nusu yake huwa bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Kikombe cha saa kumi na moja jioni chaweza kukukesha. Miraa na muguka navyo hukimbiza moyo, hupandisha shinikizo la damu na kufukuza usingizi. Atafunaye usiku ili amalize ripoti huingia kwa mkubwa wake asubuhi macho mekundu na hasira karibu. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huuvunjavunja usingizi wake baada ya saa chache.

Usikubali kidonge cha rafiki. Diazepamu hutuliza, ni kweli, lakini hufifisha kumbukumbu wakati ule ule unapoihitaji, na huleta uraibu. Propranololi, ambayo wengine humeza ili mikono isitetemeke, yaweza kumziba pumzi mtu mwenye ugonjwa wa pumu hata akafa. Dawa hizi zina mahali pake, na mahali hapo ni mikononi mwa daktari aliyekupima.

Neno moja kuhusu tumbo. Wengi huamini kwamba mawazo ndiyo yanayozaa vidonda vya tumbo. Marshall na Warren wa Australia, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mtu anayezimeza kila siku kwa sababu ya kichwa kinachomgonga kwa wasiwasi anajitafutia vidonda. Ikiwa tumbo hukuuma mara kwa mara, kapimwe.

Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda. Uji, au chai na mayai, au viazi vitamu vitakutosha. Mtu mwenye njaa hukasirika upesi. Ondoka mapema ili usiingie ukihema, na upitie msalani.

Ukingoja mlangoni, vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu hadi nne, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tatu. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mwendo wa moyo. Wala hakuna atakayejua unafanya nini.

Ukiwa ndani, kumbuka kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Unapolaumiwa, mwili utakusukuma kujibu mara moja, kwa kuwa umejiweka tayari kupigana. Usijibu. Shika kalamu, andika alichosema. Kalamu hukupa sekunde kumi, na sekunde kumi hutosha kuzuia neno la majuto. Kisha uliza kwa adabu: "Bosi, naomba unipe mfano mmoja wa siku ambapo nilifanya hivyo, ili nielewe nirekebishe wapi." Lawama isiyo na mfano haiwezi kurekebishwa, yenye mfano yaweza.

Pale ulipokosea, kubali kwa sentensi moja, useme umechukua hatua gani, kisha unyamaze. Kujitetea kwa dakika kumi hufanya kosa dogo lionekane kubwa. Pale ambapo hakuwa na habari kamili, mwonyeshe ukurasa wako bila kupandisha sauti. Usiwataje wenzako kwa ubaya.

Usitoke bila mambo mawili: malengo ya mwaka ujao yaliyoandikwa kwa namna inayoweza kupimwa, na ombi lako la kitu kitakachokusaidia, kama mafunzo, kifaa au mgao mpya wa kazi. Soma fomu kabla ya kutia sahihi. Ikiwa kuna nafasi ya maoni ya mfanyakazi, itumie. Kama hukubaliani na jambo, liandike hapo kwa lugha ya heshima, na uombe nakala.

Je, umwambie kuhusu ugonjwa wako?

Hili huniulizwa kila mara. Ugonjwa wako ni siri yako. Hata hivyo, kama umeathiri kazi, kunyamaza kwaweza kukugharimu, kwani mkubwa asiyejua ataandika anachokiona. Kuna njia ya katikati. Daktari aweza kuandika barua isiyotaja jina la ugonjwa, bali inayosema kwamba uko chini ya matibabu, kwamba hali hiyo iliathiri kazi kwa namna fulani, na kwamba unahitaji nafuu fulani kwa muda fulani. Barua hiyo hutolewa kwa idhini yako.

Sheria nayo haikukuacha uchi. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi aliyehudumu miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa ya angalau siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni au kwa kutojiweza kimwili, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama akiwapo iwapo mhusika atapenda, na asikilize utetezi wake. Na kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya Ukimwi, ni hatia kumfuta mtu kazi kwa sababu tu ana virusi hivyo.

Alama zikiwa mbaya

Jioni hiyo usiende baa wala usijifungie chumbani peke yako. Mweleze mtu mmoja unayemwamini: mke, mume, dada, rafiki wa kanisani au msikitini. Usiandike barua ya kujiuzulu kabla ya kulala usiku mmoja au miwili. Kisha uketi na fomu na uigawe lawama mara tatu: ile ya kweli unayoweza kuirekebisha, ile inayotokana na upungufu wa vifaa au watu, na ile usiyokubaliana nayo. Kila moja ina njia yake.

Lakini kama wiki mbili zitapita nawe hulali, huli, au wazo la kwamba afadhali ufe linakujia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Kazi hupatikana nyingine. Na wewe uliye mkubwa wa kazi, kabla ya kuandika neno "mvivu" kwenye fomu ya mtu aliyekuwa hodari miaka iliyopita, muulize kwanza hali yake.

Karani wetu hakupewa kidonge cha kumtuliza. Alianzishiwa dawa za kisukari, akafunzwa chakula, na nikamwonya asikimbilie kununua miwani kabla ya sukari kutulia, kwani macho hubadilika nayo. Nilimwandikia barua, akaipeleka kwa afisa wa wafanyakazi, na tathmini ikasogezwa mbele wiki tatu. Hakuwa na daftari, lakini alipekua majalada yake na kuandika ukurasa mmoja.

Alama zake hazikupaa mwaka huo. Zilikuwa za wastani, na kandarasi iliongezwa kwa miezi sita tu, ya kumwangalia. Miezi sita hiyo ilimtosha. Aliporudi kliniki baada ya kupewa kandarasi kamili, chupa ile ya maji hakuwa nayo. Mkononi alishika daftari dogo, la shule, ambalo alisema huliandika kila Ijumaa.